Kabla ya kisu, niulizeni mkono huu unafanya kazi gani

Ndugu Mhariri,

Oktoba, mwezi wa kampeni ya saratani ya titi, imepita na fulana za pinki zimerudi kabatini. Mwezi mzima nilisikiliza redio: tujichunguze, tuwahi hospitali, tusiogope. Yote kweli. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aseme mwanamke akishawahi, akajikaza na kulazwa, atakatwa nini na atabakiwa na nini. Hakutokea.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sasa mkulima wa zabibu huku Hombolo. Miaka sita iliyopita nilikutwa na saratani kwenye titi la kulia. Hospitali siitaji, kwa sababu waliniokoa na sijaja hapa kushtaki. Daktari alinieleza kwa upole kwamba titi litaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Nikaletewa fomu, nikaisaini nimesimama kwenye korido kwa kalamu ya kuazima kwa mgonjwa mwenzangu. Haikufika dakika mbili. Fomu ya mkopo wa SACCOS niliwahi kukaa nayo nyumbani siku tatu.

Titi nilizoea kuishi bila hilo. Kilichonishinda ni mkono. Mwaka wa pili ulianza kuvimba, kwanza jioni tu, kisha pete ikagoma kutoka, kisha mkono wa gauni ukawa unabana upande mmoja. Zabibu ni kazi ya mikono iliyoinuliwa: kupogoa, kufunga matawi kwenye waya, kuvuna, na kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mkasi wa kupogolea ukimparua mtu mwingine ni damu kidogo, anajifuta anaendelea. Ukiniparua mimi ni homa, mkono mwekundu unaochoma kama pasi, na wiki nzima ya vidonge. Kutwanga nimeacha. Hata muheme, ngoma yetu wanawake wa Kigogo niliyoipiga tangu usichana, sasa nakaa pembeni nawapigia wenzangu vigelegele. Vigelegele, bahati nzuri, havihitaji mkono.

Sababu yake ni rahisi kueleza, na ndiyo maana inaniuma kwamba sikuelezwa. Maji yanayozunguka mwilini nje ya mishipa ya damu hurudi kutoka mkononi kwa kupitia tezi za kwapani. Ukiziondoa zote, yanaweza kukosa njia na kutuama. Tezi hizo huondolewa kwa sababu saratani ya titi ikianza kusambaa hupenda kupita hapo kwanza. William Halsted, mpasuaji wa Baltimore, Marekani, alieleza mwaka 1894 upasuaji wa kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja, na hadi miaka ya 1970 madaktari wengi duniani walimfuata wakiamini kwamba anayekata zaidi ndiye anayeokoa zaidi.

Kuna waliothubutu kuijaribu imani hiyo. Umberto Veronesi na wenzake mjini Milan, Italia, kati ya 1973 na 1980 waliwagawa kwa kura wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Kundi moja liliondolewa titi lote pamoja na misuli, la pili likaondolewa sehemu tu kisha likapigwa mionzi. Mwaka 2002, baada ya miaka 20, walitoa hesabu: katika kundi la pili uvimbe ulirudi kwenye titi lilelile kwa wanawake zaidi, lakini idadi ya waliofariki ililingana. Bernard Fisher na wenzake huko Marekani walipata jibu hilohilo.

Baada ya titi ikaja zamu ya kwapa, na hapa ndipo ninapokaza macho. Katika miaka ya 1990 wapasuaji walianza kutafuta tezi ya kwanza kabisa inayopokea maji kutoka kwenye titi. Mimi naiita tezi ya mlinzi. Wanachoma sindano ya rangi ya bluu kwenye titi, au dawa yenye mionzi kidogo, na rangi inapita njia ileile ambayo saratani ingepita. Tezi iliyopata rangi kwanza inatolewa na kupimwa. Mlinzi akiwa safi, walioko nyuma yake wanaachwa wakae. Utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 5,600 ulionyesha mwaka 2010 kwamba walioachiwa tezi zao waliishi sawa na walioondolewa zote. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ulionyesha kwamba hata tezi moja au mbili zikikutwa na saratani, kwa mwanamke aliyehifadhiwa titi na kupigwa mionzi, kuziacha zilizobaki hakukumpunguzia uhai.

Na mkono? Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba walioondolewa tezi zote huvimba mkono karibu mmoja kati ya watano. Walioondolewa tezi ya mlinzi tu ni kama mmoja kati ya ishirini.

Haya nilisomewa na mtoto wa dada yangu anayesoma udaktari hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, tukiwa tunachambua mlenda. Nilinyamaza kidogo, halafu nikamwomba arudie.

Nisiwe mwongo. Uvimbe wangu ulikuwa mkubwa kama limau, na tezi za kwapani zilishikika kwa vidole. Mwenye hali hiyo, njia ya mlinzi mara nyingi si yake, kwapa linasafishwa. Huenda daktari wangu angefanya vilevile alivyofanya, na ningemshukuru vilevile. Lakini ningejua. Mkono ungepimwa kwa tepu kabla ya upasuaji, ili uvimbe uonekane ukiwa bado mdogo. Ningeanzishiwa mazoezi nikiwa bado wodini, na kuvalishwa soksi ya mkono ya kubana mapema, si baada ya miaka miwili. Badala yake niliruhusiwa kwenda nyumbani na sentensi moja: "Mama, mkono huo usibebe kitu kizito maisha yako yote." Kwa mkulima hiyo ni barua ya kufukuzwa kazi. Tena baadaye nimekuja kujua kwamba utafiti wa Marekani wa 2009 uliwagawa wanawake 141 wenye mikono iliyovimba kama wangu, na nusu yao wakapewa mazoezi ya kunyanyua uzito, wakianza na mdogo na kuongeza polepole chini ya uangalizi. Mikono ya walionyanyua haikuvimba zaidi kuliko ya wenzao, na nguvu ikaongezeka. Sasa naanza na chupa ya maji ya nusu lita. Nimefika lita moja na nusu.

Nawasikia watakaosema hayo ni ya Ulaya. Kuna upande wana haki. Kuhifadhi titi kwa kawaida kunadai mionzi baadaye, na mwanamke wa Mpwapwa au Kondoa mara nyingi hulazimika kufunga safari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando, Mwanza. Ratiba ya zamani ilikuwa wiki tano, kila siku ya kazi. Mwanamke akipiga hesabu ya nauli, pa kulala na watoto alioacha nyumbani, akachagua titi lote liondoke amalize, hajakosea. Ni hesabu yake, afanye mwenyewe. Ila apewe tarakimu za leo. Uingereza walishaonyesha kwamba siku 15 ndani ya wiki tatu zinatosha wagonjwa wengi, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba kwa saratani iliyowahiwa, siku tano ndani ya wiki moja hazikuwa na matokeo mabaya zaidi. Tangu treni ya umeme ianze 2024, kwenda Dar na kurudi si adhabu tena. Wiki moja shemeji anakuvumilia. Wiki tano anaanza kuhesabu sahani.

Na tusijidharau. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imepandikiza figo tangu 2018. Mji unaohamisha figo kutoka kwa mtu na kuiweka kwa mwingine hauwezi kuambiwa kwamba rangi ya bluu ni ndoto. Najua rangi peke yake haitoshi. Anatakiwa mpasuaji aliyezoea kuitafuta tezi hiyo, na mtaalamu wa patholojia wa kuipima kwa darubini. Basi wafundishwe, na sisi wa vijijini tuambiwe wapi wanapatikana, ili rufaa iandikwe kabla ya kisu.

Ninachoomba hakihitaji mashine. Kwenye fomu ile ya ridhaa uongezwe mstari mmoja, mgonjwa ajibu kwa maneno yake: mkono huu unafanya kazi gani? Mwingine ataandika kushona. Mwingine kuchota maji, kusuka ukili, kubeba mtoto mgongoni. Daktari ausome mstari huo kwanza, kisha aseme kipi kinaweza kuachwa na kipi hakiwezi, na kwa nini. Na fomu itolewe siku moja kabla, mtu akiwa amekaa, pamoja na ndugu yake.

Wapasuaji wa mkoa huu wanasoma ukurasa wako, Mhariri. Nawaomba wajibu hapa hapa: nani anastahili upasuaji wa kuacha titi, nani tezi ya mlinzi, na aende wapi. Wakijibu, nitaukata ukurasa huo niubandike ukutani kwenye zahanati yetu, kando ya bango la chanjo.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma