Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, maseremala wa Goma

Bapapa, bamama, bandugu maseremala, jambo kwenu wote.

Mambo ya kila mwaka mnayajua: salongo (kazi ya pamoja ya kusafisha) tatu tulifanya, matanga nne tulienda, bagonjwa wawili tulisaidia, vijana 6 walijifunza kazi ku atelie zetu. Ile imekwisha.

Sasa tuongee sale yetu, ile nyumba ya mikutano tunajenga, juu njo inafanya watu wananuna. Mnasema prezida, njo mimi, aliamua yeye peke yake tujenge na mbao, haina mawe na sima. Ni uongo. Tuko 64 ku liste, ile siku ya mkutano walikuja 11. Kumi na moja! Tulingoja masaa mbili, mvua inapiga manjanja (mabati), kisha tukapiga kura: 7 mbao, 4 mawe. Mwenye hakukuja alitaka nimufate ku nyumba nimuulize?

Na sababu nilitoa mbele ya wenye walikuwa. 2021, volkano ilipotapika, lave haikufika katikati ya muji, lakini ile mitetemeko ya siku zenye zilifuata ilipasua kuta za mawe na bloku, tuliona na macho yetu, nyumba za mbao zilicheza tu zikabaki. Tena apa tunakaa juu ya lave, kuchimba fondasio ya ukuta muzito ni mateso na feza mingi. Na sima inapikwa na moto mukali sana, ku dunia nzima njo inatoa karibu 8% ya ile gazi ya kaboni yenye inaongeza joto, wakati muti unaifyonza unaifunga ndani ya mbao mpaka siku itaoza ao itaungua. Musiniambie mbao ni ya masikini. Kule Norwei, mu Brumunddal, kuko gorofa ya mbao ya etaji 18, metre 85, toka 2019, na Skellefteå ya Uswidi walijenga nyumba ya wote na mbao, tiatre, biblioteke, ata otele ndani, wakaifungua 2021. Kweli wao wanagundisha mbao na mashini, siye tuko na eukaliptusi na misumari, lakini muti ni muti.

Wale 4 walisema moto, na pale sibishi sana. Mbao nyembamba inashika haraka, tunaonaka kule Kadutu, Bukavu. Lakini nguzo nene inaungua polepole, kama milimetre 0.7 kwa dakika, makaa ya inje inalinda ya ndani, wakati chuma ikipata moto inalegea. Njo maana nilisema nguzo zikuwe nene na tuache nafasi na majirani. Hiyo wazo ilikuwa yangu, haina ya komite, nasema tu.

Eti mbao nilinunua kwa shemeji yangu. Ndiyo, ni shemeji, na alipunguza bei. Banki zilifungwa, feza ningeweka wapi, chini ya kitanda? Mbao zingine zilipinda, sikatai, zilikuwa mbichi, zilipaswa kukauka miezi mbele ya kupigiliwa, lakini ninyi wenyewe mulikuwa munasema kazi haionekani.

Kotizasyo, michango ya wanachama: dola 2 kwa mwezi, watu 64, ingekuwa 1,536. Iliingia 766. Wenye walimaliza ni 23, 19 walitoa nusu-nusu, 22 hawakutoa ata franga. Mbao na mashevro (miti ya paa) 410, mawe ya kuinua nguzo juu ya maji na muchwa 150, inabaki 206 kwa mama trezorie, mwenye anachunga feza. Na 206 haifunike sale, kwa hiyo wenye wanauliza manjanja iko wapi, iko mu mifuko yao.

Mwaka kesho, Mungu akipenda, tutafunika, tutapata pengine mufadili, tutapanda miti yetu wenyewe, tutaona.

Na ile randa ya shirika yenye ilitoka mwezi wa sita, mwenye iko nayo airudishe, sitaji jina.