Bango ling'olewe kabla ya tingatinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Wiki iliyopita jengo moja la zamani la maduka hapa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilizungushiwa mabati. Wakazi wa Kisutu na Mchafukoge tunafahamu kinachofuata.

Ni jengo la ghorofa moja. Chini zipo fremu tatu, juu kuna roshani. Kwenye paji lake ulichongwa mwaka wa kujengwa, lakini inasomeka 19 tu. Tarakimu mbili za mwisho zimefunikwa na bango la simu.

Zamani huu ulikuwa Mtaa wa India. Wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat na Kutch walijenga hivi: duka chini, makazi juu, mwenye duka akishuka ngazi asubuhi amefika kazini. Mbele waliacha kibaraza chenye kivuli, na humo fundi cherehani aliweka mashine yake. Ulinunua kitambaa ndani, ukatoka hatua tatu, ukapimwa. Sare yangu ya darasa la kwanza ilishonwa pale pale.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000. Yakaitwa nyumba za Msajili wa Majumba, kabla ya kuwekwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Ndivyo wazazi wangu walivyopata vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Ukutani palikuwa na kishubaka cha taa walichoacha waliotutangulia, naye mama akakitumia kuwekea Kurani. Leo nikisikia mtu akiliita jengo lile gofu, naumia.

Wapo wanaosema ya zamani ni hatari. Machi 29, 2013, ghorofa liliporomoka katika mtaa huu huu, likaua watu 36. Lilikuwa jipya, halijamalizika hata kujengwa.

Sisemi kila ukuta ubaki. Ninachoomba ni kwamba Halmashauri ya Jiji isitoe kibali cha kubomoa jengo la aina hii kabla halijapimwa, kuchorwa na kupigwa picha chumba kwa chumba. Michoro ihifadhiwe Old Boma, nyumba ya enzi za Sultani Majid, ambamo tayari kuna kituo cha historia ya majengo ya jiji hili. Na pale uso wa mbele unapokuwa imara, mjenzi aubakize, aweke ghorofa zake nyuma yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Autumie hata kwa maduka, si kwa ngome na makaburi pekee.

Kwa hili la kwetu, siku zimebaki chache. Bango lile limeshikwa kwa skrubu nne. Aje mtu na ngazi na bisibisi aling'oe, tuusome huo mwaka wakati ukuta bado umesimama.

Mkazi wa Mchafukoge,
Dar es Salaam