Mteja yuko Muscat: jina la nne tuandike la nani?

Mhariri, na hasa nyinyi dada na mama zetu mliowahi kufanya kazi za ndani Uarabuni,

Sisi ni wanasaikolojia tunaofanya vikao kwa mtandao, na wateja wetu wengi ni wanawake wa kwetu walioko Oman. Kazi yenyewe tunaijua. Kinachotushinda ni ile nyumba wanamokaa, na hiyo nyinyi mnaijua kutuzidi.

Kikao cha kawaida ni dakika 50, mara moja kwa wiki. Kabla ya kugusa shida iliyomleta mtu, mwanasaikolojia mzoefu huandika mambo manne: mteja yuko wapi hasa siku hiyo, simu ikikatika nani ampigie mwenzake na baada ya dakika ngapi, hospitali ya karibu ni ipi, na la nne, jina la mtu mmoja anayeweza kufika mlangoni iwapo mteja yuko hatarini. La kwanza huulizwa kila kikao, kwa sababu mfanyakazi huweza kupelekwa kwa binti wa bosi mji mwingine bila kuambiwa mapema.

Aliyeko Tanga au Mombasa hulijibu la nne bila kufikiri: dada, mama mkwe, jirani. Aliyeko Muscat hunyamaza. Mtu wa karibu ni bosi, na mara nyingi bosi ndiye anayemliza. Polisi wapo, namba 9999, lakini chini ya kafala, mfumo wa udhamini unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, mwajiri anaweza kumripoti kuwa ametoroka akitoka bila ruhusa, na pasipoti ya wengi imo kabatini mwa bosi. Ubalozi wa Tanzania upo, ila hatari huja usiku.

Hatari yenyewe tunaipima kwa PHQ-9, dodoso la dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Wasio wazoefu hutazama jumla tu. Swali la 9 linahusu fikra za kufa au kujidhuru, na jibu lolote linalozidi sifuri hufuatiliwa papo hapo hata kama jumla ni 6. Tunamwuliza wazi kama amepanga kitu, na lini. Kumwuliza hakumpandikizii wazo kichwani. Akisema ndiyo, simu haikatwi, na hapo ndipo jina la nne linapohitajika.

Kuna na suala la faragha. Wengi hudhani Kiswahili ni pazia. Kwingine Ghuba huenda, lakini Muscat hapana: familia nyingi za Kiomani zina asili ya Unguja na Pemba, na bibi wa nyumba anaweza kukijua Kiswahili kuliko mteja na sisi.

Kwa hiyo hedifoni inavaliwa sikio moja, la pili lisikilize mlango. Mteja anakaa chumba cha kufulia, mashine inazunguka, simu imeegemezwa kwenye kopo la sabuni, nguo za kukunja mapajani. Sisi ndio tunaosema. Yeye hujibu kwa namba, woga umefika wapi kati ya 0 na 10. "Saba." "Nne." Apitaye atadhani anahesabu mashati. Neno la siri la kukatiza kikao lisiwe la kila siku, maana "chakula tayari" litamponyoka katikati ya maelezo na kikao kivunjike bure. Tunatumia jamaa asiyekuwepo: "Shangazi wa Pangani amepona?" Likisemwa hilo, tunageukia bei ya mchele.

Namba hazibebi kila kitu. Mwanamke aliyepigwa, au aliyeshikwa bila ridhaa yake, hawezi kulisema hilo kwa "nane". Simu za WhatsApp nazo huko mara nyingi hazipiti. Ujumbe wa sauti hupita, basi anaurekodi bafuni nasi tunajibu jioni. Tunaweka ujumbe ujifute baada ya saa 24, lakini simu ikikaguliwa kabla ya hapo kila kitu kimo. Na ukitumwa saa nane usiku hakuna wa kuusikiliza. Daftari la fikra, ambamo mteja huandika mawazo yanayomsumbua, tumeliacha kabisa, kwa kuwa daftari husomwa. Badala yake anatia nukta za penseli pembeni mwa kalenda, nukta moja kwa kila usiku aliokosa usingizi.

Tunaomba msaada wenu kwa mawili. Jina la nne kwenu lilikuwa la nani: mwenye duka la kona, mfanyakazi wa nyumba ya pili, mwanamke mliyekutana sokoni? Na angekuja kweli, au angeogopa? Dereva tumemfikiria, ila naye yuko chini ya bosi yuleyule.

La pili ni saa. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Saa tano usiku ya huko, vyombo vikishaoshwa, mteja husinzia kabla ya dakika ya 15. Ijumaa wanaume wakienda msikitini, yeye yuko kwenye sufuria. Dakika 25 mara mbili kwa wiki zingepatikana? Siku gani, na chumba gani?

Hata mstari mmoja utatusaidia. Msiandike majina ya mabosi wala anuani.