Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji wa Alpaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu malalamiko mliyoniletea yalikuwa karibu yote ya namna moja: "Mwenyekiti, jike alikuwa na mimba, sasa hana." Ada na mengineyo yatasubiri; nianze na hili.

Tatizo letu ni kuamini mate. Jike akishapandwa, siku ya 7 tunamletea dume tena. Akipiga teke na kumtemea, tunaandika daftarini "ana mimba". Alpaka, mnyama wetu wa sufu wa jamii ya ngamia, hana siku za joto kama za ng'ombe. Yai lake hupevuka na kutoka kwa sababu ya kupandwa, yapata siku moja hadi mbili baadaye, na kichocheo kikubwa ni protini iliyomo ndani ya manii yenyewe. Yai likishatoka, tezi ndogo kwenye ovari huanza kutoa projesteroni, na homoni hiyo ndiyo inayomfanya jike amchukie dume. Kwa hiyo mate ya siku ya 7 yanasema yai limetoka, basi. Ya siku ya 14 yana uzito zaidi, maana asiyeshika mimba kwa kawaida tezi hiyo huwa imeshanywea. Lakini mimba nyingi za alpaka huharibika ndani ya miezi miwili ya kwanza, kimyakimya, bila damu wala dalili.

Mimi mwenyewe nimo. Jike wangu mweupe alitema siku ya 14 mpaka nikajifuta uso huku nacheka. Sikumpima tena. Mwezi wa 12 tangu apandwe ulipofika, kiwele kikiwa bapa kama kiganja, ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nalisha matumaini. Kuanzia sasa kamati inataka kipimo cha ultrasaundi siku ya 30, kirudiwe siku ya 60.

Madume nao tuwape muda. Dume mchanga uume wake huwa umegandamana na govi, na wengi huachia kabisa wakikaribia miaka 3. Kumsukumia mitamba kabla ya hapo na kisha kulaumu mitamba si haki.

Kuna muuzaji aliyetaka chama kinunue vifaa vya uhimilishaji, yaani kumtia jike manii bila kupandwa na dume. Tulikataa. Manii ya alpaka yanavutika kama gundi, mbegu ni chache, na dume huyatoa kidogokidogo akiwa amelala juu ya jike kwa dakika 20 au zaidi. Kuyakusanya ni kazi, kuyagandisha ni kazi kubwa zaidi.

Kuhusu kuzaa: mimba huchukua takriban miezi 11 na nusu, na wengi huzaa asubuhi hadi mchana. Anayesukuma usiku, muiteni daktari wa mifugo, msingoje kupambazuke. Kondo la alpaka halipitishi kinga ya kutosha, hivyo mtoto ategemee dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, tena saa za mwanzo. Mwenzetu mmoja alidhani mtoto ananyonya kwa sababu alikuwa chini ya mama. Alikuwa akinyonya sufu ya paja. Inameni muangalie chuchu.

Ada: waliolipa wanajijua, na wasiolipa pia.

Mkutano ujao kila mtu aje na daftari lake, likiwa na safu mpya ya siku ya 60. Isiyojazwa tutaihesabu kama hana mimba.

Mwenyekiti