Barua kwa vijana wetu wa Louisville, kuhusu basi, mtaa na moyo

Wanangu, wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote: mliozaliwa Uvira na Fizi kule Kongo, mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na nyinyi mliozaliwa hapahapa Kentucky ambao Kiswahili mnakisikia vizuri ila mnajibu kwa Kiingereza. Anayeshindwa kusoma barua hii ampe mama yake amsomee. Na mama inamhusu.

Nimewasikia mkitaniana nje ya kanisa kwamba anayepanda basi bado hajafika Marekani. Mnacheka, mimi nanyamaza. Leo nasema, kwa sababu utani huo unawagharimu, na gharama yenyewe naiona kwenye presha zenu.

Mnajua Jumapili baada ya ibada nakaa na mashine yangu ya kupimia presha. Foleni huwa ya wazee. Majuzi kijana wa miaka 17 akaja kwa mzaha, akanyoosha mkono mmoja huku mwingine unarekodi kwa simu. Mashine ikasoma 142 kwa 88. Nikamwambia aweke simu, akae kimya, miguu chini, nikapima tena. Haikushuka sana. Kwa mwenye miaka 13 na kuendelea, 130 kwa 80 ikijirudiarudia tayari ni presha ya kupanda. Kipimo changu si hukumu, ndiyo maana nilimwambia mama yake ampeleke kliniki. Halafu nikamwuliza kijana anavyoishi. Anaamka bado giza, anakaa kusubiri basi, anakaa ndani ya basi, anakaa darasani, anarudi jioni, anakaa. Njaa ikimshika anakula vya duka la kituo cha mafuta, kwa sababu ndilo duka pekee analolifikia kwa miguu. Mpira aliupenda, ameuacha. Mazoezi yanaisha jioni, mama yuko zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, na hakuna wa kumrudisha nyumbani.

Wakubwa wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Simu inachangia, sikatai. Lakini mtoto aliyeacha mpira kwa kukosa usafiri mimi siwezi kumwita mvivu.

Mji huu uligawanywa na watu, kwa kalamu. Mwaka 1914 Louisville ilitunga sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye wazungu wengi. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta mwaka 1917, majaji wote kwa kauli moja, lakini desturi ikabaki. Mwaka 1924 bustani za mji nazo zikatengwa, hizi za wazungu, hizi za weusi, hadi 1955. Na katikati hapo, miaka ya 1930, serikali kuu ikachoresha ramani za miji, mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu, yaani mkopeshaji awe mbali nayo. Ukivuka 9th Street kuelekea magharibi unayaona matokeo yake mpaka leo: supamaketi za kuhesabika, viwanda vya kemikali vya Rubbertown vilivyoanza kukua enzi za Vita vya Pili vya Dunia, na mitaa ambayo watu wake hufa zaidi ya miaka 10 mapema kuliko wenzao wa baadhi ya mitaa ya mashariki.

Mtaniuliza: bibi, sisi tumekuja juzi, tunakaa South End, kusini mwa mji, ya West End, huko magharibi ya 9th Street, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Tulipofika tulitafutiwa nyumba za bei nafuu, na unafuu huo una sababu zake: barabara kuu iko ubavuni, miti ni michache, ndege za mizigo zinapita juu ya paa usiku kucha. Chuo Kikuu cha Louisville kilifanya jambo zuri hukuhuku kusini. Walipanda miti na vichaka zaidi ya 8,000 katika baadhi ya mitaa, wakapima damu za wakazi kabla na baada. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba waliopandiwa miti walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasiopandiwa, kwa asilimia 13 hadi 20, cha kile kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaoandamana na maradhi ya moyo. Watu walewale, barabara ileile, ila miti imeongezeka. Basi mtu akikwambia presha yako ni tabia yako tu, mwambie aje aone dirisha lako linatazama nini.

Nirudi kwenye basi. Barabara inayoitwa leo Muhammad Ali Boulevard zamani iliitwa Walnut. Kwenye kona yake na 10th, tarehe 30 Oktoba 1870, Robert Fox na ndugu yake Samuel, pamoja na mwenzao Horace Pearce, wote watu weusi, walitoka kanisani, wakapanda gari la abiria la reli ya mtaani, wakalipa nauli, wakakaa. Walitolewa kwa nguvu na kukamatwa. Wakapeleka kesi mahakamani, na mwaka 1871 weusi wa Louisville wakapata haki ya kupanda na kukaa kama abiria wengine. Robert Fox hakuwa kijana; alikuwa mzee, mzishi wa kuheshimika. Alikubali kuaibishwa kwa ajili ya kiti ambacho nyinyi mnakionea haya.

Na huyo Ali mwenyewe, ambaye tarehe hiyohiyo, 30 Oktoba, mwaka 1974 alimwangusha George Foreman pale Kinshasa (baba zenu wote wanadai walikuwepo uwanjani, hata waliokuwa hawajazaliwa), alikulia West End, Grand Avenue. Alianza ngumi akiwa na miaka 12 baada ya kuibiwa baiskeli. Na akienda shule, mara nyingi hakupanda basi. Alishindana nalo mbio, wenzake wakimcheka madirishani. Lakini angalieni: Ali alikuwa na basi, akachagua kuliacha. Wengi wenu hamna basi la kuacha. Safari za TARC, shirika la mabasi ya mji, zimepunguzwa kwa ukosefu wa fedha. Mabasi ya shule mnayajua wenyewe: siku ya kwanza ya shule mwaka 2023 kuna watoto walifikishwa nyumbani karibu saa nne usiku, na mwaka uliofuata wanafunzi wengi wa shule za kuomba nafasi wakaondolewa kabisa kwenye usafiri.

Kwa hiyo kijana akifika miaka 18 anakimbilia gari la mkopo, kwa riba ambayo hata hajaisoma. Bima ya kijana nayo ni moto. Ili alipe anaongeza zamu ya usiku, ili akeshe anakunywa kopo la kinywaji cha enaji, halafu la pili, asubuhi halali. Gari ni zuri, mji huu bila gari ni mgumu, sitawadanganya. Ila subirini. Panda basi mwaka mmoja au miwili, weka akiba, ununue la fedha taslimu. Mwenye miaka 6 hadi 17 anatakiwa kuuchangamsha mwili dakika 60 kila siku, na anayepanda basi anazianza kwa kwenda kituoni. Giza likiingia tembeeni wawili watatu, siyo peke yenu.

Na mpira usife kwa sababu ya safari moja ya kurudi. Wazazi wenye magari ya viti saba tunawajua, kila Jumapili yamejaa pale nje. Nyinyi vijana andikeni majina ya wanaobaki mazoezini, na siku zao, mniletee. Kuwabembeleza baba zenu niachieni mimi.

Chakula sitasema sana. Sombe, yaani kisamvu, na ndagala, yaani dagaa, haviwadhuru. Punguzeni vidonge vya Maggi, na makayabu, samaki wa chumvi, yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe. Soda iwe ya sikukuu.

La mwisho. TARC wakitaka kubadilisha njia za mabasi huita mikutano ya kusikiliza wananchi, na katika viti vile sijawaona watu wetu. Nendeni. Msiende kulalamika kwa jumla. Semeni namba ya basi, jina la kituo, na saa mliyoachwa. Kijana aliyeacha mpira aseme mazoezi yanaisha saa ngapi na basi la mwisho linapita saa ngapi. Mama asiyejua Kiingereza aende pia, ila mkalimani aombwe siku kadhaa kabla, na nyinyi mnaojua kuandika barua pepe ndio wa kumwombea.

Bibi yenu,
South End, Louisville