Bodaboda zikaguliwe kwa kazi zinazofanya, si kwa umri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukaguzi wa pikipiki za abiria. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, tumemsema sana dereva, leseni yake na kofia yake, lakini chombo chenyewe tumekisahau.

Mimi ni fundi. Pikipiki nyingi ninazotengeneza zina breki ya ngoma kwenye gurudumu la nyuma, yaani breki shuu zilizo ndani ya ngoma ya gurudumu hutanuka na kuibana, na breki ya namna hiyo huisha kimyakimya: dereva hukaza nati ya fimbo ya breki leo, hukaza tena baada ya wiki, na kwa kuwa kila akikaza kanyagio hushika, huamini kwamba breki ni nzima, hadi siku nati inapofika mwisho wa uzi na ndani ya ngoma kimebaki chuma kitupu. Mwaka jana niliifungua pikipiki ya hali hiyo ikiwa na stika ya ukaguzi isiyozidi miezi mitatu. Dereva aliniambia walitazama taa na honi, wakabandika stika.

Ufaransa ilianza kukagua pikipiki tarehe 15 Aprili 2024, mara ya kwanza chombo kinapotimiza miaka 5, kisha kila baada ya miaka 3. Ratiba hiyo haitufai, kwa sababu bodaboda hushinda barabarani tangu alfajiri, na pengine hupakia abiria wawili pamoja na gunia la mkaa, kiasi kwamba kufika mwaka wa 5 nyingine huwa zimeshauzwa vipuri. Napendekeza ukaguzi kila baada ya miezi 6. Ningependa kusema kilomita, lakini spidomita nyingi ninazoziona zimekufa.

Tatizo kubwa ni nani alipe. Dereva anayempelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku kila jioni hawezi kupoteza nusu siku kwenye foleni, na aliye kwenye mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yake anaogopa kwamba kila shilingi ya matengenezo inamsogeza mbali na kuimiliki pikipiki. Hao ndio wanaokaza nati badala ya kununua breki shuu, nami siwezi kuwalaumu. Kwa hiyo gharama ya ukaguzi imwangukie mwenye jina kwenye kadi, na siku ya ukaguzi isiwe na hesabu. Ukaguzi ufanyike kwenye kata, karibu na vijiwe, kwa siku zinazojulikana mapema.

Na uwe ukaguzi kweli: gurudumu liinuliwe, ngoma ifunguliwe, cheni na sproketi zitazamwe, usukani utikiswe kusikiliza beringi, tairi lililoanza kuwa kipara likataliwe. Badala ya stika tupu, dereva apewe cheti chenye jina la aliyekagua na unene wa breki alioukuta siku hiyo.

Fundi pikipiki,
Morogoro