Njoo Dunga na Penseli

Dunga, Kisumu

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, watoto wamefungua shule na mvua inanyesha jioni jioni. Pale ulipoandika kwamba zamu za usiku zimekunyang'anya usingizi hata siku za mapumziko, pamenikaa moyoni. Ndiyo maana nakuandikia kuhusu yule mchoraji niliyekutajia kwenye simu, anayetufundisha kutuliza mawazo kwa kuchora.

Uliniuliza kama ni dini. Mazoezi yake yana asili ya Kibuddha, na yeye hafichi. Hutusimulia jinsi watawa wa Zen, tawi mojawapo la Ubuddha, kule Japani wanavyochora duara la wino kwa mkupuo mmoja wa brashi, wasirudi kulirekebisha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa Marekani, aliyachukua mazoezi ya kutulia na kufuata pumzi, akayapanga kuwa kozi ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wa hospitali huko Massachusetts. Hakuwataka wabadili imani. Mimi nami bado naimba kwaya kila Jumapili, na hakuna aliyeniomba niache sala zangu.

Sasa nikueleze tunavyofanya. Tunaketi ufuoni karibu na mafunjo, kila mtu na karatasi yake. Unachagua bua moja, unalikazia macho, halafu unalichora bila kuangalia karatasi na bila kuinua penseli. Polepole, kwa mwendo wa pumzi. Mawazo yakija, karo ya shule, mgonjwa wa jana, simu ambayo hukuipokea, huyafukuzi. Unayataja kimoyomoyo, "hii ni hofu," "hii ni hasira," kisha unarudisha jicho kwenye bua. Mchoro hutoka umepinda, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mwishoni anayetaka kusema alichohisi husema, asiyetaka hunyamaza. Mchoraji huyu amesomea ushauri nasaha, kwa hiyo anajua kumsikiliza mtu bila kumkatiza kwa mawaidha. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote, Mama Baraka. Sisi tumezoea kuambiwa "jikaze" kabla hatujamaliza kueleza kinachotuuma.

Najua utasema hujui kuchora. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walichapisha utafiti wa watu wazima 39 waliopewa udongo, kalamu za rangi na karatasi za kubandika, watengeneze wapendacho kwa dakika 45. Mate yao yalipopimwa, karibu robo tatu yao walikuwa wamepungukiwa na kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Waliozoea sanaa hawakuwashinda wageni. Watu 39 ni wachache, na wewe muuguzi utaupima utafiti huo vizuri kuliko mimi. Tena kama daktari amekuandikia dawa, usiziache. Mchoraji mwenyewe hulisisitiza hilo.

Njoo wikendi ambayo huna zamu. Panda matatu ya asubuhi hapo Nakuru, nitakupokea steji, na utalala kwangu. Beba daftari lisilo na mistari na penseli laini. Baraka aje pia, watakaa na wangu. Nijulishe mapema ukishaiona ratiba yako, nimwambie mchoraji akuwekee nafasi.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Neema